Mama Mmoja, Mistari Mitatu

Siku ile mpumbavu alikuwa mimi. Nalisema mapema, ndugu zangu wa Mangobo, msije mkahangaika kumtafuta.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Wamama wameketi juu ya vidumu, wanakula kwanga, ule mkate wa muhogo, na kucheka, wakingoja vyandarua: kimoja kwa watu wawili. Mimi mwenye orodha nimekaa kitini kama chifu. Kompyuta ilikuwa imekusanya watu wote kwa jina la mkuu wa nyumba na kuwahesabu, fungu kwa fungu.

Ndipo nikamwona Hélène Lukumani, muuza samaki kutoka Yanonge, kwenye mistari mitatu: watu watatu, watu watatu, watu wawili.

"Mama, weye mumoja, familia tatu?" nikamwambia mbele ya wote. "Ile iko wizi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Papa, ku nyumba tuko batu munane. Kuja uhesabu."

Sikwenda. Nikafuta mistari miwili, nikabakiza ule wa watu wawili, nikampa chandarua kimoja. Majirani wakaanza kumwita Mama Tatu. Wiki mbili baadaye binti yake, Gracia, akalazwa kwa malaria.

Nilipomsimulia mwenzangu wa ofisini, Nadège, yeye pia hakucheka. Akauliza tu: "Bon, kama mashine imekusanya kwa jina, jina moja linarudi vipi?"

Kweli, linarudi vipi? Swali likaninyima raha. Programu yetu ya hifadhidata ni ya wazi, yeyote anaweza kusoma maandishi yake ya ndani; tukayasoma siku mbili. Tukakuta mna kama wafanyakazi wawili. Wa kwanza hupanga majina. Kwake Hélène yenye alama juu ya e na Helene isiyo nayo ni jina moja, huyachanganya tu. Wa pili hupita akihesabu, na kila herufi ikibadilika hufunga fungu na kuanza jipya. Waandikishaji wetu waliandika kila mmoja alivyozoea. Hélène, Helene, tena Hélène: mama mmoja, mafungu matatu. Na mimi, alama hiyo ndogo sikuiona.

Nadège akarekebisha, wa pili atazame kwa jicho la wa kwanza. Tukaiuliza kompyuta upya. Mstari mmoja, watu wanane. Nyumba nyingine kumi na tisa nazo zikarudi nzima.

Mafunzo

Kabla hujamwita mtu mwongo mbele ya wenzake, nenda ukahesabu nyumbani kwake. Orodha ikikushangaza, iulize orodha kwanza.

Funzo hilo, msomaji, nilijaribu kulipunguza siku nilipopeleka vyandarua vitatu vilivyobaki. Gracia, akiwa amepona, alikuwa mlangoni akiparua samaki.

"Mama, unisamehe," nikasema. "Lakini kosa haikuwa yangu. Ni mashine."

Mama Hélène akavipokea, akaviweka chini polepole.

"Mashine ilinikata mu tatu, papa. Ile jina ya mwizi, ni weye ulinipa."