Mkwe wa Kwenye Runinga

Mama Cherehani alikuwa anashona mapazia ya mteja, lakini akili yake ilikuwa mlangoni. Mwanawe wa pekee alikuwa ameoa Mzungu huko masomoni. Leo anamleta nyumbani.

"Mtoto ndiyo ametupotea hivyo," alimwambia mumewe. "Wazungu hawajali wazazi. Ukizeeka wanakutupa. Nimeona mwenyewe kwenye filamu!"

"Labda huyu hajaiona hiyo filamu," mumewe akamchokoza.

Kijana akafika na mkewe. Kiswahili cha mkwe kilichechemea, lakini alisalimia vizuri, akala vizuri. Moyo wa Mama Cherehani ukalainika kidogo. Adhuhuri ilipoingia, akatandika mswala kando ya cherehani, akainua mikono.

"Allahu Akbar!"

Mkwe akaruka kitini. Kikombe kikaanguka. Chai yote ikamwagika kwenye mapazia ya watu.

Mama Cherehani aliswali hadi mwisho, lakini alipogeuka alimkuta mkwe amejibana ukutani.

"Nisamehe, Mama. Maneno hayo nimeyasikia kwenye filamu tu. Mtu anayasema, halafu bomu linalipuka."

"Bomu? Mimi? Na goti hili bovu?"

Alitoka kwa hasira mpaka kwa jirani yake, mwanamke anayepiga picha za taarifa ya habari. Wote humwita Bi Kamera. Alipoelezwa, Bi Kamera alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nyote mmesoma shule moja, shoga yangu. Shule ya runinga! Sikiliza. Mkutano una watu elfu wametulia. Mmoja akirusha kiti, mimi namfuata huyo. Jioni mtamwona wa kiti peke yake. Na filamu ni biashara. Nani atalipa kiingilio amwangalie mtu anafua soksi?"

"Kwa hiyo wanasema uongo?"

"Mengine ni kweli, lakini ni kipande tu. Kipande si mtu mzima. Je, umemweleza maana ya maneno yale?"

"Sijamweleza."

"Umemuuliza kwao wanawatunzaje wazee?"

"Hilo nalo sijamuuliza."

"Basi kaulizane naye. Mkweo akiondoka, mwanao atabaki kwako? Nenda bwana."

Akarudi nyumbani, akaketi karibu na mkwe. "Maana yake ni Mungu ni Mkubwa," akasema taratibu. "Tunasema tukiswali. Tunasema hata tukifurahi."

Mkwe akashusha pumzi. Naye akasimulia jinsi mama yake alivyomuuguza bibi nyumbani, akimlisha kwa kijiko hadi siku ya mwisho. Mama Cherehani aliona haya.

"Na mimi nilikuonea, mwanangu. Unisamehe."

Mara simu ya mkwe ikaita. Alikuwa mama yake mzazi, analia.

"Kuna nini?" akauliza Mama Cherehani.

"Ameona habari za Waislamu kwenye runinga. Anauliza kama mmenifungia ndani. Anataka nirudi leo hii."

Mama Cherehani akakumbuka maneno ya Bi Kamera. Mke akirudi, mume atamfuata.

"Washa kamera," akasema. "Tumwoneshe ambacho runinga haioneshi."

Wakamwonesha. Kijana anamenya vitunguu huku machozi yanamtoka. Baba yake amepiga magoti, anasugua mapazia ndani ya beseni, povu hadi kwenye ndevu. Kule upande wa pili kilio kikakatika, kikaja kicheko.

"Mwambie asituamini hata sisi," akasema Mama Cherehani. "Aje ajionee."

Mkwe akatafsiri, akasikiliza, akatabasamu.

"Anauliza kama mwezi ujao kuna joto."

"Lipo, la kutosha! Mwambie nitamshonea gauni jepesi," akasema Mama Cherehani, tayari anatafuta kalamu. "Anitajie vipimo vyake."