Macho ya Ukoo wa Mselem

Pale Park Station, stesheni ya treni ughaibuni, mwaka 2017, begi la msafiri mmoja lilinasa dera la Masika, dera jipya la zambarau, likachanika mpaka gotini. Kabla hajatukana, mwanamume kishapiga magoti mbele yake, sindano mkononi.

"Tulia, bibiye. Mimi fundi."

"Fundi wa magoti ya watu?"

"Leo tu. Na bure."

Ndiye Mselem, Mzanzibari mwenye cherehani yake mtaa wa Joubert Park. Masika wa Tanga, mfanyakazi wa maabara. Miezi mitatu simu hazikupoa, mara laazizi, mara nyoo! Lakini kila akishona, Mselem alimwona marehemu babu yake kasimama nyuma ya cherehani, macho meupe, anangoja. Wanaume wa kwao wakifika arobaini hupofuka. Yeye alikuwa na thelathini na minane.

"Babu hayupo nyuma ya cherehani," Masika akamwambia. "Yumo damuni. Tunaikata DNA vipande vidogo, tunatia chambo kinachonasa vile vyenye jeni, sumaku inavivuta, vingine tunavimwaga. Mashine inasoma, tunalinganisha kipofu na wanaoona."

"Na mkimnasa, mtamfanya nini?"

Masika akamwandikia anwani ya maabara.

Mselem akatoa damu, na ami yake kipofu, na dada zake wawili. Jumatano moja Masika akapiga simu, furaha imempanda kichwani.

"Tumeipata, mpenzi! Jeni yenyewe!"

Simu ikakatwa. Mselem alikuwa amesikia hukumu yake. Akahamishia cherehani mtaa wa La Rochelle, na namba akabadilisha.

Siku ya tisa Masika, kwa kuulizia kwa wateja wake, akamfumania mlangoni.

"Eish, Mselem! Nimesema tumeipata, nimesema unayo? Chupa za damu zina namba tu, hata mimi sijui yako ipi. Daktari anakungoja, na wewe unajificha kama mwizi wa kuku!"

Wakaenda. Daktari akafungua karatasi. Anayo.

Kurudi chumbani, Mselem hakuketi.

"Nenda zako, Masika. Utaolewa na kipofu?"

"Nimechoka kuulizwa nguo hii nimemvalia nani. Kipofu hataniuliza. Shika futikamba, unipime gauni la harusi."

Mselem akafumba macho, ajizoeze. Vidole vikaanzia begani, vikashuka polepole, vikapotea njia.

"Hapo si kiunoni, bwana wee."

"Najifunza."

Kwenye kona babu, ambaye haoni kitu, akageukia ukutani.