Komeo la Ndani

Mjomba wangu Bulaimu alikuwa seremala wa Kasongo. Habari hii alimsimulia mama yangu mara moja tu, wakimenya mihogo barazani, mchana kweupe, na mimi nilikuwapo. Hakuirudia tena mpaka alipozikwa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, kiangazi, Wabelgiji bado wakitawala. Asubuhi hiyo Bulaimu alikuwa akipiga randa miguu ya meza lori la mpunga liliposimama mbele ya karakana yake. Dereva akamkabidhi barua iliyotoka Kabambare, iliyoandikwa na mfanyabiashara wa mchele aitwaye Théophile, mmoja wa watu weusi wachache wa kule waliokuwa na gari lao dogo la mizigo, kamyoneti. Alitaka mlango mpya wa garaji ya nyumbani kwake. Bulaimu aliomba karatasi ya safari kwa Mzungu aliyetawala teritwari, akafunga randa, misumeno na patasi zake ndani ya gunia, akapanda lori lilelile.

Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali ya kuchoma, na ubavuni mwake garaji yenye paa la bati. Mlango wa zamani ulikuwa umeng'olewa na kuchomwa moto. Majivu yake yalikuwa bado pale uani pamoja na misumari iliyopinda na bati lililokunjamana, wala hakuna aliyekuwa ameyafagia.

Théophile alimpokea kwa heshima. Alikuwa mtu mrefu, shati lake limepigwa pasi, sauti yake ya chini. Bulaimu alichukua kipande cha ubao, akamchorea kwa mkaa.

"Iko milango ya namna tatu, patron. Wa kwanza ni bati juu ya mbao, mwepesi lakini unaisha haraka. Wa pili ni mlango moja wa kusukuma kando, unapita juu ya reli. Wa tatu ni mabawa mawili ya mbao ngumu ya muvula, yanafunguka inje. Muvula muchwa hauli."

"Bati hapana," Théophile alisema upesi.

Mke wake, Ernestine, alikuwa amesimama kizingitini akisikiliza. "Uache nafasi kati ya mbao, juu na chini," alisema. "Upepo upite."

Wakakubaliana mabawa mawili ya muvula, yenye nafasi za upepo juu na chini. Bulaimu akapima mwanya wa mlango, akaandika vipimo kwenye ubao. Kisha akauliza komeo liwe la namna gani.

"Inje usiweke kitu," Théophile akajibu. "Hata ndoano. Tutaegemeza jiwe. Weka komeo moja tu, ndani."

"Patron, komeo ya garaji inawekwa inje. Mutu anaingiza motokari, anatoka, anafunga."

"Ndani. Na uiweke hapa." Akashusha kiganja chake mpaka usawa wa paja. Kiganja kilibaki pale hewani, kimetulia, kama kimewekwa juu ya kichwa cha mtu.

Sababu yake Bulaimu aliipata jioni, kwa mwenyeji wake Atumani, muuza vitambaa waliyekuwa wakiswali pamoja. Théophile na Ernestine walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Safi, wa miaka mitano. Miezi mitatu nyuma, baba aliingiza kamyoneti garajini, mtoto akamfuata kwa nyuma bila yeye kumwona. Baba akatoka, akashusha gogo la kufungia kwa nje, akaenda Lusangi kwa pikipiki ya rafiki yake. Walimtafuta mtoto mtoni. Walimtafuta mashambani. Paa la bati, mlango wa bati, na jua kali vile. Walifungua saa kumi na moja jioni, wakamtoa amekwisha kufa.

"Sasa anataka komeo ya mutoto," Atumani alinong'ona. "Wewe fundi, fanya kazi yako, urudi kwenu."

Kazi ilichukua siku tisa. Siku ya kumi, saa nne za asubuhi, mabawa yote mawili yalikuwa yamekaa kwenye bawaba zake, yanafunguka kwa kidole kimoja. Bulaimu alikaza skurubu za komeo pale alipoonyeshwa, akapaka mafuta, akalisogeza mara tatu. Kisha akatoka, akayavuta mabawa mpaka yakakutana. Kamyoneti ilikuwa nje, uani. Garaji ilikuwa tupu, ametoka kuifagia mwenyewe.

Walisimama watatu mbele ya mlango, Bulaimu, Théophile na Ernestine.

Ndani, chuma kikateleza juu ya chuma. Taratibu. Kikafika mwisho.

Bulaimu akavuta bawa. Halikuja.

Théophile alipiga magoti vumbini, akaweka mdomo kwenye nafasi ya chini ya mlango. "Safi, mama yangu," alisema. "Ni baba. Fungua."

Wakangoja. Chuma kikateleza tena, na bawa likaachia mkononi mwa Bulaimu. Ndani hamkuwa na mtu. Théophile alikuwa analia na kucheka, vyote pamoja.

Ernestine hakucheka. Alimwangalia mjomba wangu, akamwuliza kwa sauti ndogo: "Fundi, tulimupa komeo apate kufungua. Mbona amefunga?"

Bulaimu alirudi Kasongo. Alitaka kusahau. Baada ya miezi minne, mvua zikiwa zimeshika, barua nyingine ikaja: bawa la kushoto limelala, linakwaruza chini. Alikwenda kwa sababu kazi mbovu ni aibu ya fundi, na kwa sababu, alivyosema mwenyewe, usingizi wake haukuwa usingizi tena.

Kamyoneti aliikuta inanyeshewa uani, matairi yamezama matopeni. Haikuwa imeingizwa garajini hata siku moja. Ndani ya garaji palikuwa pametandikwa mkeka, na juu ya mkeka sahani ya wali.

Alinyanyua bawa, akakaza bawaba. Alipogeuka, mkono wake uligusa komeo. Akalitazama. Lilikuwa usawa wa kiuno chake.

Aliinama kutafuta matundu ya zamani, pale alipokaza skurubu kwa mkono wake mwenyewe. Mbao ilikuwa nzima. Laini. Hapakuwa na tundu wala kiraka.

"Mulihamisha komeo, patron?"

Théophile alikuwa amesimama nyuma yake, amekonda, shati halina pasi. "Watoto wanakua," alijibu.

Mchana huo, Théophile alipokwenda kupima mpunga wa watu, Ernestine alimjia Bulaimu alipokuwa ananawa mikono. Alisema upesi, macho yakiwa kwenye mlango wa garaji.

"Siku ile nilipita hapa na ndoo ya maji. Nikasikia inagonga. Ko, ko, ko. Nikajiambia ni bati, jua likipanda bati inagonga. Nikapita. Nilipita mara mbili, fundi. Bwana yangu hajue. Mutoto anajua."

"Mama Safi, ile ni kazi ya Mungu."

"Ondoa ile komeo. Nakuomba."

Bulaimu alichukua turnevisi, akaingia. Skurubu ya kwanza ilianza kuzunguka. Kisha kivuli kikaanguka juu ya mikono yake. Théophile alikuwa amerudi.

"Unataka afungiwe tena?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Wewe iko na watoto wangapi, fundi?"

"Wanne."

"Basi acha."

Mjomba aliikaza ile skurubu. Hilo ndilo lililomla maisha yake yote. Alimwambia mama: "Ningeitoa siku ile. Mutu moja tu alinizuia, na hakunigusa hata kwa kidole."

Kiangazi kilichofuata, mjumbe alifika Kasongo bila barua, na maneno ya Ernestine kichwani: njoo ung'oe mlango, bwana yangu ameenda Nyangwe, anakaa siku mbili. Bulaimu akaondoka siku hiyohiyo.

Alifika Kabambare kesho yake, jua likiwa karibu na utosi. Ernestine alikuwa uani, ametoka kuosha nywele. Nywele zilisimama ovyo kichwani mwake, nyingi, zinadondosha maji mabegani. Hakumsalimu. Alinyoosha kidole.

"Ni murefu kama mimi sasa," alisema.

Mabawa yalikuwa wazi. Bulaimu alisogea mpaka kwenye mlango, akatazama upande wa ndani. Komeo lilikuwa usawa wa paji la uso la Ernestine. Chuma kilikuwa kinang'aa, kama vile vitu vinavyoshikwa kila siku. Mwaka mmoja ulikuwa haujatimia.

Hakuuliza kitu. Aliyafunga mabawa, akaanza na bawaba za kulia, kwa nje. Skurubu ya kwanza ikatoka. Ya pili.

Ko, ko, ko.

Ilitoka ndani. Ilikuwa chini, karibu na ardhi, mkono mdogo.

"Ni bati," mjomba alisema. Alijisikia akisema hivyo.

"Mulango huu hauna bati," Ernestine alijibu.

Ko, ko.

"Usiende, Mama Safi."

"Mara ya kwanza nilipita," alisema. "Mara ya pili nikapita." Akavuta bawa la kushoto, akaingia, maji yakidondoka nyuma yake. Bawa likarudi.

Komeo likateleza. Likafika mwisho.

Bulaimu alipiga kelele akiita majirani. Alivuta. Alipiga mbao kwa nyundo. Muvula haikusikia, alikuwa ameichagua mwenyewe kwa ugumu wake. Akarudi kwenye skurubu. Turnevisi ikateleza, ikamchana kidole. Skurubu moja. Nyingine. Atumani akaja mbio, na mama mmoja jirani, Mama Pascaline, na watu wengine wawili watatu wakasimama mbali.

Ndani palikuwa na mazungumzo. Wote walisikia. Sauti mbili za wanawake, za chini, kama watu walioketi pamoja bila haraka. Maneno hayakushikika. Mara moja, mmoja wao alicheka.

Skurubu ya mwisho ikatoka. Bawa la kulia likaanguka nje, kwa uzito wake wote, na jua likaingia garajini.

Tangu alipoingia mpaka pale, Atumani alisema baadaye, ulikuwa muda wa sufuria ya maji kuchemka. Haukuzidi.

Ernestine alikuwa ameketi mkekani, miguu imenyooshwa, mikono mapajani, kichwa kimeinama mbele kidogo. Alikuwa amekufa, na mwili wake umeanza kupoa.

Nywele zake zilikuwa zimesukwa.

Zilisukwa nywele zote, toka paji la uso mpaka kisogoni, misuko myembamba kama uzi wa kushonea. Mistari kati yake ilikuwa imenyooka kuliko mstari wowote mjomba aliowahi kupiga kwa kamba na mkaa. Kazi ya siku nzima, wanawake walisema. Na kazi ya mikono miwili inayokaa nyuma ya mtu.

Théophile aliitwa, akafika kesho yake asubuhi kabla ya mazishi. Hakumgombeza yeyote. Aliomba wafunue kitambaa, akapitisha kiganja juu ya ile misuko, polepole, toka mbele mpaka nyuma. Kisha akatoka uani, akamwomba mjomba wangu arudishe bawa la mlango mahali pake. Bulaimu alikataa. Basi Théophile akaokota skurubu moja moja kwenye vumbi, akalisimamisha mwenyewe, akaingia, akaketi mkekani. Mazishi yalikwenda bila yeye. Watu walipopita na jeneza mbele ya garaji, mabawa yalikuwa yamefungwa, na hakuna jiwe lililoegemezwa.

Waliomwosha Ernestine usiku uliotangulia mazishi walikuwa wanne, Mama Pascaline akiwaongoza. Alitaka kumfumua, azikwe na nywele zake jinsi zilivyokuwa asubuhi ile. Alianza kisogoni, akashika msuko mmoja, akaufuata kwa vidole kutafuta ncha yake. Msuko uliingia ndani ya msuko mwingine. Akaufuata huo. Nao ukaingia ndani ya mwingine. Alizunguka kichwa chote hivyo, mara nyingi, mpaka maji ya kuoshea yakapoa ndani ya beseni na wenzake wakamwambia aache.

Hakupata ncha hata moja.