Nilichagua Gari kwa Macho, Fundi Akabeba Kiapo Changu

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mke na mama wa watoto watatu, na makazi yangu ni Nyakato, hapa Musoma mjini. Ukinikuta Jumapili na kitenge changu cha kwaya utasema huyu mama ametulia. Wasomaji wenzangu, msinisifie... Ngojeni kwanza niwaeleze nilichomfanyia mume wangu, na kibaya zaidi, nilichomfanyia mtu ambaye hata undugu hatuna.

Mume wangu, Magesa, anatengeneza boti za faiba. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, kwa hiyo tangu nimeolewa nguo zangu hazijawahi kunukia manukato, zinanuka gundi tu. Boti ikikamilika ilibidi akodi lori la kuipeleka kwa mwenyewe, iwe Bukima au kwenye mialo ya wavuvi ya upande wa Bunda. Na boti mbovu nazo zilitakiwa kutolewa ziwani zije kutengenezwa. Lori likichelewa, kazi imelala. Ndipo mwaka juzi akaamua tununue gari letu kubwa, lenye nguvu ya kuvuta boti juu ya tela.

Dalali mmoja wa Bunda alikuwa na magari mawili. La kwanza lilikuwa la kijani, la zamani, limekaa kama sanduku la bati, na viti vyake vya nyuma ni mabenchi mawili yanayotazamana. La pili... jamani, la pili! Jeupe, refu, safu tatu za viti, vioo vyeusi, na dirisha juu ya paa. Lile la kijani mlango wake ulibamizwa kama geti, lakini hili jeupe ulikuwa unausukuma kidogo tu unajifunga wenyewe kwa adabu.

Magesa ni mtoto wa wafugaji wa Butiama, habebwi na sura. Alichuchumaa, akachungulia chini ya magari yote mawili, akasema, "Mama Neema, mimi sitafuti gari la kukalia. Natafuta dume la kuvuta."

Mimi nilikuwa nimeshakaa ndani ya lile jeupe moyoni mwangu. Nilikuwa najiona nashuka nalo Butiama, ukweni, mbele ya mke wa mdogo wake Magesa. Huyo mwanamke ana maneno! Kwenye harusi moja pale nyumbani alinisogelea, akaziba pua, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kama nimekuja na boti nzima. Watu walicheka, na mimi nikajichekesha nao. Lakini lile neno lilinikaa rohoni, na siku ile Bunda nikaona dawa yake imesimama mbele yangu, inang'aa.

Magesa hakutaka kununua bila kupima. Alimwomba fundi mmoja wa Manyamanyama, hukohuko Bunda, anaitwa Masatu, ayakague yote mawili. Siku ya ukaguzi ilipofika mwenye boti moja alikuwa anamsumbua, anataka mzigo wake, ikabidi mume wangu abaki karakana. Akanituma mimi. Alinituma mimi kwa sababu aliniamini... nani mwingine angemwamini zaidi ya mkewe?

Fundi Masatu alilala chini ya lile gari jeupe muda mrefu. Alipotoka alikuwa amekunja uso. Akanionyesha kwamba shafti ya mbele imetolewa, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayavuti kabisa. Akaninusisha oili ya gia boksi, inanuka kuungua. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo:

"Mama, hili linapendezaga barabarani, la harusi hili. Lakini linasukumwa na miguu ya nyuma tu. Ukilipeleka mwaloni, kwenye mteremko wenye tope, halitaivuta boti. Boti ndiyo italivuta. Mwambie kaka achukue la kijani."

Nikamwambia nimeelewa, nitamweleza mwenyewe, asihangaike kumpigia kwa sababu yuko kazini. Naye akaniamini! Nikasogea pembeni nikampigia mume wangu. Nikasema fundi amesema yote mawili ni mazima, ila jeupe ndilo bora zaidi.

Hivyo tu. Sentensi moja ya simu.

Gari jeupe likaja Nyakato. Majirani walitoka kulitazama. Butiama wakatuchinjia mbuzi wa kulikaribisha, na yule mke wa shemeji siku hiyo pua yake ilikuwa imetulia, wala hakuiziba. Nilikaa siti ya mbele, kioo nimeshusha kidogo ili wanione. Unaweza kufurahia kitu huku unajua ni uongo? Inawezekana sana, wapendwa. Mimi nilifurahi na nikanenepa.

Kuulea uongo wangu kulikuwa rahisi kwa sababu mwanzoni tulikuwa tunapeleka boti mpya tu. Kushusha boti majini si kazi, inateremka yenyewe. Kazi ni kuitoa. Kila nilipoona tela linafungwa nyuma ya gari nilikumbuka maneno ya fundi, lakini boti zilifika, watu walishukuru, na mimi nikaanza kujiambia kwamba huenda fundi alizidisha. Mafundi nao si wanapenda kutisha watu?

Masika ikaingia. Mwenye boti mmoja wa Bukima akaita, boti yake imepasuka na imejaa maji, anaomba ikatolewe. Tulikwenda mimi, Magesa na mdogo wake, shemeji yangu Mafuru, ambaye ndiye aliyekuwa dereva. Mimi nilipanda kwa sababu nilikuwa na mwenyeji wangu wa kumtembelea kule, na nilitaka afike mlangoni kunipokea anione na gari.

Pale mwaloni tope lilikuwa limelainika vibaya. Tela likashushwa majini, boti ikapandishwa, ikafungwa kamba. Mafuru akakanyaga mafuta. Gari likalia... magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale, yanarusha matope, na ya mbele yametulia tuli kama hayahusiki. Mafuru akashangaa, akasema mbona ya mbele hayashiki? Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilijua jibu. Nilikuwa nalo mdomoni!

Magesa akachukua jiwe, akaenda nyuma kuweka kabari kwenye gurudumu lisirudi. Ningepiga kelele wakati ule asiende nyuma, angesikia. Lakini ningeulizwa nimejuaje. Basi nikanyamaza, nikashikilia mkoba wangu... Gari likateleza kinyumenyume. Boti ikalivuta kama fundi alivyosema. Nikasikia sauti ya mume wangu, sauti ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye msiba wa mama yake. Tela lilikuwa limembana mguu kwenye jabali.

Hospitalini madaktari walijitahidi. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Sasa hapo ndipo ningesema, siyo? Mtu mwenye utu angesema. Mafuru, kwa uchungu kwamba yeye ndiye alikuwa kwenye usukani, alikuwa anatafuta wa kumlaumu. Akakumbuka kuwa gari lilikaguliwa. Akaenda na vijana wa ukoo mpaka Manyamanyama, wakamkunja fundi Masatu mbele ya wateja wake. Fundi akawaambia aliyaona mabovu yote na akamwambia shemeji yao. Wakaja naye mpaka pale wodini.

Mafuru akaniuliza, "Shemeji, huyu anasema alikuambia. Ni kweli?"

Nikamtazama fundi usoni nikasema hapana. Nikasema aliniambia gari ni zima. Mume wangu, akiwa kitandani na maumivu yake, akanyoosha mkono akanishika, akawaambia mke wake hawezi kumdanganya kwenye jambo kama hilo. Ee Mungu! Nilitamani sakafu ifunguke, lakini machozi niliyotoa wote walidhani ni ya kuonewa.

Shauri likapelekwa nyumbani Butiama, kwenye kikao cha ukoo. Fundi alikuja na kaka yake mkubwa. Waliongea sana, na mwisho fundi mwenyewe akasimama akasema, "Wazee wangu, mimi sina shahidi. Mimi na mama tule kiapo wote wawili. Mwongo atajulikana."

Kwetu Mara kiapo cha wazee si mchezo. Watu wanakiogopa kuliko hakimu, maana hakimu anakufunga wewe, kiapo kinaweza kutafuta mpaka mifugo na watoto wako. Halafu, kama mjuavyo, mwongo haishiwi akili. Nikasimama na kitenge changu cha kwaya, nikasema mimi nimeokoka, kinywa changu hakiapi kwa mila. Akina mama wa kanisa waliokuwepo wakaitikia amina!

Baba mkubwa wa Magesa akanung'unika kwamba anayekataa kiapo ana lake jambo. Lakini mume wangu, akiwa na magongo yake mapya, akanitetea kwamba nisilazimishwe kuacha imani yangu. Kumbe Mungu nilimfanya kichaka cha kujifichia. Na fundi Masatu, ambaye naye ni mtu wa kanisa, tena mwimbaji kama mimi, akala kile kiapo peke yake, kwa namna ya wazee ambayo sitaieleza hapa. Hakusita.

Masika hiyohiyo radi ikapiga nyumbani kwake, ikaua ng'ombe wake wawili wa kulimia. Radi kwetu inapigaga kila mwaka, haichagui. Lakini nani alitaka kusikia hayo? Habari zilivuma Bunda mpaka Musoma kwamba kiapo kimejibu, fundi aliapa uongo. Wateja wakahama. Gari gani utampelekea mtu ambaye radi imemtaja? Akafunga karakana. Mkewe akachukua watoto akaenda kwao akiogopa radi itarudi kumalizia. Na mimi nilipohadithiwa hayo kwenye mazoezi ya kwaya, wenzangu wakiniambia ona Bwana alivyokushindia, nilitikisa kichwa nikasema tumshukuru.

Nilikuwa sili vizuri. Nikimfunga mume wangu bandeji, yeye ndiye ananifariji mimi! Ananiambia nimsamehe, alinunua gari bovu kwa haraka zake, amenitia umaskini. Kila aliponiomba radhi nilikuwa namwambia yaishe.

Ndipo siku moja mchana nikasikia hodi. Alikuwa fundi Masatu. Amekonda, shati limempwaya. Nilidhani amekuja kwa shari. Magesa akamkaribisha kiti, maana mume wangu hajui kumfukuza mtu. Fundi hakukaa. Alipiga magoti pale sebuleni, mbele yangu, akaanza kusema polepole:

"Mama, nimewaza mpaka nimechoka. Nakumbukaga nilikuambia. Lakini radi imepiga, na watu wote wanasema sikusema. Labda niliwaza tu kukuambia halafu sikutamka. Kichwa cha mtu si kinaweza kupotea? Kama nilinyamaza na kaka akakatwa mguu, nisamehe. Niambie tu ukweli, mama, nijue nilipokosea."

Wasomaji wangu... mtu yule alikuwa ameanza kuamini uongo wangu kuliko masikio yake mwenyewe! Nilikuwa nimemnyang'anya kazi, mke, watoto, jina, na sasa hata kumbukumbu zake. Nikaanguka chini pale alipo, nikalia kwa sauti mpaka watoto wakakimbilia ndani. Nikasema, "Fundi, uliniambia. Uliniambia yote! Shafti, oili, na la kijani pia. Mimi ndiye nilimficha mume wangu."

Fundi Masatu alijifunika uso kwa viganja akalia kama mtoto. Nilimwangalia Magesa nikisubiri anipige, anitukane, afanye chochote. Hakunitazama. Alivuta magongo yake, akainuka, akamwinua fundi kwa mkono mmoja, wakatoka. Alimsindikiza mpaka barabarani, ambako alikuwa hajawahi kufika kwa kutembea tangu atoke hospitali. Alichukua muda mrefu kurudi.

Nilikwenda Butiama nikasema mbele ya wazee. Nilikwenda kanisani nikasema. Nilikwenda Manyamanyama, nikasimama nje ya ile karakana iliyofungwa, nikawaambia wapita njia. Wengine waliniamini. Wengine mpaka leo wanasema fundi ameniloga ili nimsafishe. Ajabu, eti! Nilipodanganya hakuna aliyeniomba ushahidi, na sasa ninaposema kweli wanauliza nimelipwa kiasi gani. Fundi amefungua tena karakana, lakini wateja ni wa kuhesabu, na mkewe bado hajarudi.

Mume wangu hajanifukuza. Tunaishi nyumba moja, ananijibu nikimsalimia, anakula ninachopika. Ila bandeji anafungwa na binti yetu Neema, na lile jina la "mke wangu" sijalisikia tena. Gari jeupe liliuzwa kama vyuma chakavu. Sasa yeye na fundi Masatu wanatafuta jingine la kuvutia boti, wanakwenda wawili, na mimi nabaki kuwafungia chakula cha njiani.

Dada zangu, kaka zangu, kama kazi ya gari ni kuvuta, aliyelala chini yake akikwambia halivuti, fikisha maneno yake kama yalivyo, hata kama roho yako imeshakaa kwenye kiti cha mbele. Usijifiche nyuma ya wokovu. Na kama muda huu ninapoandika kuna mtu mahali fulani anabeba lawama yako, inuka uende kwake leo. Usisubiri, kama nilivyosubiri mimi, mpaka aje mwenyewe kupiga magoti mbele yako kukuomba msamaha wa kosa ulilolifanya wewe.