Chumba cha Pasi

Jua lilikuwa linazama nilipomfikisha bwana harusi kwenye ile nyumba ya mawe ya mzungu, siku hizi makumbusho. Mimi ni mpiga picha, na mwanga wa saa ile hauna mfano. Mtunza nyumba ni shangazi yangu. Alinipigia simu mwenyewe.

"Nimesikia anaoa," alisema. "Mlete."

Bwana harusi alijitazama kwenye kioo cha ukumbini, akaweka sawa kola. "Babu yangu alikuwa nyapara hapa," akatuambia. "Walimwogopa kuliko mzungu mwenyewe."

Shangazi akatabasamu. "Basi kapigeni picha kwenye chumba cha pasi. Ndiko alikopenda kushinda."

Kilikuwa nyuma ya jiko. Meza ndefu, na juu yake pasi ya mkaa, imeliwa na kutu. Niliisogeza mwenyewe isinizibie picha. Ilikuwa baridi. Nikamwacha pale, nikarudi ukumbini kuchukua taa yangu.

Nyuma yangu mlango ukajifunga.

Kimya.

Halafu... harufu. Mkaa unaowaka. Nguo inayoungua. Na sauti ya pasi ikiteleza mezani taratibu, ikienda, ikirudi, ikienda...

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Alinong'ona tu, "Nisamehe, mama. Nisamehe."

Nilivuta mlango kwa nguvu zangu zote. Haukutikisika.

"Shangazi, funguo unazo. Fungua."

"Sikuufunga mimi," alijibu kwa upole nyuma yangu. "Bibi yangu alikuwa dobi humu. Siku moja aliunguza gauni la mke wa mzungu. Nyapara akamlaza kwenye meza ile, akapasha pasi. Bibi hakufika asubuhi."

Sauti ikakoma. Mlango ukalegea mikononi mwangu.

Bwana harusi alikuwa amelala kifudifudi mezani, macho wazi, akipumua. Koti lake jeupe halikuwa na doa wala kunjo. Limenyooshwa vizuri mno.

Tulipomvua koti, mgongo wote ulikuwa umeungua. Umbo la pasi, moja kando ya jingine.

Pasi yenyewe ilikuwa palepale nilipoiweka. Baridi.

Harusi haikufungwa. Yeye hajatamka neno tena, na madaktari wameishia kutikisa vichwa. Nilimuuliza shangazi kama sasa bibi amepumzika. Aliendelea kufuta vumbi madirishani.

"Yule kijana ana mdogo wake, siyo?"

Juzi huyo mdogo alinipigia. Anaoa, anatafuta mpiga picha.

Nilipaswa kukataa.