Vipimo vya Marehemu

Shati lilikuwa jipya, halijavaliwa hata mara moja, lakini mama alipolitandaza alipige pasi, kola ilinuka jasho na tumbaku. Mwanawe havuti. Aliyekuwa akivuta ni baba mtu, na huyo walishamzika miezi saba iliyopita, na tangu siku hiyo mama, Mungu amsamehe, alikuwa analala usingizi mtamu.

Mashati yalikuwa matatu, ya kushonesha, kwa fundi mzee aliyemshonea marehemu maisha yake yote. Mafundi wa zamani wana desturi yao. Kila mteja ana karatasi iliyokatwa kwa umbo lake, na mteja akifa, karatasi huchanwa siku hiyo hiyo. Huyu hakuichana. Marehemu alikuwa na bega la kushoto lililoshuka vidole viwili, na karatasi iliyolificha bega hilo ndiyo kazi aliyoringia kuliko zote. Basi kijana alipokuja kutaka mashati ya kuanzia kazi, fundi hata kumpima hakumpima. Alisema umbo la ukoo huo analijua, akaiangua karatasi msumarini, akakata. Uvivu na sifa, hakuna kingine.

Mama alilifua mara tatu, harufu haikutoka. Kijana akalivaa hivyo hivyo. Mabega yake yalikuwa sawa, shati lingepaswa kumkaa upande, lakini lilimkaa kama amezaliwa nalo. Asubuhi ya pili mama alikuwa anakoroga chai aliposikia hatua ukumbini, kishindo kisha buruto, kishindo kisha buruto, na mkono wake ukasimama wenyewe, akajikuta anazihesabu kama alivyozihesabu miaka thelathini ili ajue leo mumewe amekuja kwa amani au kwa shari, mpaka mlango ukafunguka akaingia mwanawe wa pekee, mtoto ambaye hajawahi kumwita ila mama, akavuta kiti cha baba yake, akakaa, bega la kushoto limelala.

"Wewe," alisema. "Hiyo chai mpaka lini?"

Mama alimmiminia, kama zamani. Mchana alimkimbilia dada yake, na dada mtu akamleta mganga, mwanamke mmoja mnene asiye na makeke. Walimdanganya kijana kwamba shati lina kasoro, wakaenda naye kwa fundi. Mganga aliigusa ile karatasi, akautoa mkono haraka.

"Huyu si mumeo," alimnong'oneza mama. "Ni jini aliyekaa ndani ya mumeo tangu ujana wake. Yeye hajui mtu, anajua kipimo."

"Kwa hiyo aliyekuwa ananipiga ni nani?"

Mganga alilikagua shati mshono kwa mshono. Swali hilo halikuwa na dawa.

Alimwambia fundi alifumue shati mwilini mwa kijana, kwa mkono ule ule uliolishona. Fundi alianza na mkono wa kulia wa shati, na uzi ulipoachia, mkono wa kijana nao ukaanguka pembeni, hauna uhai. Akafumua ubavu, na pumzi ya kijana ikakatika nusu, midomo ikabadilika rangi, duka zima likajaa moshi wa tumbaku ambayo hakuna aliyeiwasha, na kutoka kifuani mwake ikasikika sauti ya mtu mzima inacheka taratibu, haina haraka, kama mtu aliyeshika funguo za nyumba.

Mganga alisema jini atatoka, hilo ana hakika nalo. Kama kijana atabaki hai, hakusema.

"Shona," mama alisema.

"Mama, nikilishona hatoki tena," fundi alinong'ona.

"Shona. Huyo namjua, nimekaa naye miaka thelathini. Mwanangu siwezi kumzika."

Fundi alishindwa kutunga uzi kwa kutetemeka. Mama akamnyang'anya sindano, akaitunga yeye, akamrudishia, kisha akamshikia shati lisicheze.