Mkate wa Mwenye Dukuduku

Wakati wa likizo, kila asubuhi Kidoti alivaa aproni iliyomfika visiginoni, akapanga mikate kwenye mifuko katika bekari ya mama yake. Kidoti lilikuwa jina la utani, kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo ulikuwa mwepesi zaidi.

Mama yake naye alikuwa mtu wa moto. Alianza na bekari moja, akanunua ya pili, na sasa alikuwa amenunua ya tatu, ile ya mtaa wa nyuma ambayo mikate yake iligombaniwa. Aliwakuta waokaji wanne, akawabandikia kanuni ukutani: kofia nyeupe, hakuna soga, hakuna kula kazini. Basi, akaondoka zake.

"Kesho nenda ukapange mikate kule," alimwambia Kidoti. "Na ufumbue macho. Wale sijawazoea."

Kidoti aliyafumbua kweli kweli. Mkate wa kwanza ulipotoka tanurini, mkandaji wa unga, mwanamke mfupi waliyemwita Pilipili, aliuchukua. Wenzake waliacha kazi wakamzunguka. Akasema maneno huku akipiga meza, wenzake wakitikisa vichwa, kisha akaumega na wote wakala. Kidoti alikuwa chumba cha pili. Maneno hakuyasikia, ila taya zikitafuna aliziona.

"Ala! Wanakula mali ya Mama kweupe hivi!" Damu ilimchemka. Hakumuuliza mtu, alitoka mbio kwenda kusema.

Mama alifika akifoka tangu mlangoni. "Wezi! Nimewanunua juzi tu, mmeshaanza kuniibia?"

Pilipili aliweka chini kipande chake. "Umetununua? Ulinunua tanuri, bosi. Mimi sikuwa na bei." Alivua aproni, akaitupa mezani. Wenzake watatu wakavua zao, wakatoka nyuma yake bila kuaga.

"Waende! Waokaji wamejaa tele!" Mama alipiga kelele, akaleta watu wa bekari ya kwanza. Loo, aibu iliyoje! Tanuri hawakulizoea. Mikate iliungua chini, ndani ikabaki mibichi. Mshona viatu wa jirani aliurudisha wake akaugonga kwenye kaunta. "Hiki ni nini? Nikipigilie kama soli?" Siku chache baadaye rafu zilijaa mikate na mlangoni hapakuwa na mtu. Halafu habari zikafika kwamba bekari ya ng'ambo ya barabara inawaita wale wanne.

"Wakienda huko, hii yangu imekufa," Mama alisema, ameshika kichwa.

Kidoti alikwenda hadi kwa Pilipili, amekunja uso. Alimkuta akifua nguo kwa hasira, povu likiruka. "Kwa nini mlimwibia mama yangu?"

"Tumwibie nani, wewe mtoto?" Pilipili aliipiga nguo kwenye beseni. "Mkate wa kwanza humegwa na mwenye dukuduku. Anasema kinachomuudhi, tunamsikiliza, tunakula, kazi inaanza bila kinyongo. Hata bosi wa zamani alimega nasi. Siku ile unajua nililalamika nini? Kwamba mama yako tangu ainunue bekari hajatuuliza hata majina!"

Kidoti aliona haya hadi masikio yakamwaka. Alirudi nyumbani mbio.

"Mama, nilikuletea habari nusu. Niliona, sikuuliza. Lakini na wewe hukuuliza!"

"Unasema na nani hivyo?"

"Na wewe, Mama! Nitajie jina la mwokaji mmoja tu wa kule!"

Mama hakulijua hata moja. Alichukua mtandio wake, akaenda kubisha hodi kwa Pilipili na kuwaomba wote wanne waje asubuhi moja tu.

Walikuja wamenuna. Mkate wa kwanza ulipotoka, Pilipili alimkabidhi Mama. "Haya, shika. Useme."

"Nina hasira," Mama alisema. "Nimejikasirikia mwenyewe. Niliwaita wezi bila kuwauliza. Nisameheni."

"Bado, usimege. Lete huku." Pilipili aliushika, akayamwaga yote: kofia zinazowachoma vichwa mbele ya tanuri, kanuni zilizobandikwa bila salamu, lile neno "nimewanunua." Mama aliyasikiliza hadi mwisho. Kisha waokaji walimtajia majina yao mmoja mmoja. Alipoyarudia alikosea moja, wakamsahihisha, na kicheko cha kwanza kikasikika.

"Na mimi!" Kidoti aliudaka mkate. "Shangazi Pilipili, nisamehe, niliwasemea bila kuwauliza. Na wewe Mama, sitaki tena kuwa jicho lako. Ukitaka kujua watu wanafanya nini, njoo mwenyewe uwaulize."

Mama aliutazama ukuta, akabandua karatasi ya kanuni na kuitia tanurini.

"Sikieni, na wewe mwanangu usikie," alisema. "Tanuri na meza nilivinunua kwa siku moja. Watu hawanunuliwi hivyo. Watu hukaa pale wanaposikilizwa, wasiposikilizwa huondoka na ufundi wao. Nawe Kidoti, jicho likiona jambo, uliza kwanza, ndipo useme."

Pilipili aliufunga upya mshipi wa aproni yake. "Megeni basi, unapoa!"

Walikula wamesimama. Mama alijipangusa makombo mdomoni. "Kesho tutaumega na kule bekari ya kwanza."

"Kule uende na kiti, Mama," Kidoti alisema. "Wana dukuduku la tangu sijazaliwa."